Je, Uaminifu Watosha kwa Mdhamini?

Hapa Vigwaza na pwani yote ya Bagamoyo, tukitaka kuchagua wadhamini wa mali ya wajane na yatima, twauliza kwanza: je, huyu ni mwaminifu? Swali ni jema, lakini halitoshi.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakakomboa watoto watumwa kwa sadaka za Wakristo wa Ulaya. Aliyetoa sadaka hakumwona mtoto, wala mtoto hakumwona aliyetoa. Ndivyo ilivyo amana yote: mdhamini husimama kati ya watu wawili wasioonana, naye ni jicho lao wote wawili. Na jicho lisiloona, hata likiwa safi, lafaa nini?

Labda mtu atasema, "Mimi sikuiba, nilitia sahihi tu karatasi niliyoletewa." Lakini fedha iliyovuja katika mfuko uliotoboka imepotea sawasawa na iliyoibiwa, naye yatima hulala na njaa ile ile. Moyo safi humwepusha mdhamini na hatia ya wizi. Haumwepushi na hatia ya uzembe, maana angaliweza kujifunza.

Mitume walipotaka watu saba wa kuwahudumia wajane, hawakutaka sifa njema tu, walitaka na hekima. Naye Paulo, katika kupeleka changizo la Yerusalemu, alifuatana na wajumbe wa makanisa, asije akalaumiwa. Ikiwa Mtume hakuona haya kuangaliwa, mbona sisi twaona haya kuuliza?

Basi mdhamini na ajifunze kusoma hesabu za mapato na matumizi hata azielewe. Ahesabu fedha mbele ya wenziwe. Aijue katiba ya chama. Asitie sahihi asilolifahamu. Tena atoke nje linapoamuliwa jambo la jamaa yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 yataka taarifa kila mwaka. Wajuao hesabu, kama walimu na makarani wastaafu, wawafundishe wenzao kabla ya mkutano.

Kumwuliza mweka hazina si kumtuhumu, bali ni kumlinda. Asiyeulizwa huachwa peke yake na majaribu yake. Nasi tumeamriwa kuchukuliana mizigo.