Wimbo wa Kanisani ni wa Nani?

Swali tunaloliweka leo mbele ya jamaa za Kikristo laonekana dogo, lakini lagusa kiini cha ibada yetu. Je, wimbo mzuri waweza kumzuia mtu asisali? Wengi watajibu upesi kwamba haiwezekani, maana wimbo ndio unaouinua moyo. Wengine, waliochoshwa na vishindo vya vipaza sauti, watajibu upesi vilevile kwamba ndivyo ilivyo, na heri Misa ya kimya. Majibu yote mawili yametolewa kwa haraka. Mwafrika mmoja alilipima swali hili kwa makini miaka 1600 iliyopita, naye ni Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini.

Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, Agostino akiri kwamba sauti tamu zilimvuta sana. Nyakati nyingine aliogopa hata akatamani nyimbo zote ziondolewe kanisani. Aliikumbuka desturi ya Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, ambaye alimtaka msomaji wa zaburi apandishe sauti kidogo tu, hata ikawa kama kusema kuliko kuimba. Lakini alipoyakumbuka machozi aliyotoa mwanzoni mwa imani yake kwa kusikia nyimbo za Kanisa, alielekea kuikubali desturi ya kuimba, ili roho iliyo dhaifu iinuliwe kwa njia ya masikio. Hata hivyo aliongeza neno zito: kila alipoguswa na sauti kuliko na maneno yaliyoimbwa, aliona ametenda dhambi.

Tuangalie alipouweka ubaya. Hakuuweka katika wimbo, wala katika uzuri wake, bali katika kupinduka kwa utaratibu, kitumishi kikikaa mahali pa bwana. Taa huwashwa ili watu waione njia. Anayesimama kuitazama taa hafiki aendako. Hata hivyo hakuna mwenye akili atakayeizima taa kwa sababu hiyo.

Nyimbo zilizomliza Agostino zilitoka wapi? Yeye mwenyewe atueleza. Mwaka 386, huko Milano, Justina, mama wa Kaisari Valentiniano wa Pili, alimwandama Askofu Ambrosio kwa ajili ya uzushi wa Ario. Waamini walikesha kanisani pamoja na askofu wao, tayari kufa naye, na Monika, mama wa Agostino, alikuwa miongoni mwao. Ndipo ilipoanzishwa desturi ya watu kuimba tenzi na zaburi, kwa namna ya Kanisa la Mashariki, wasije wakazimia kwa huzuni na uchovu. Basi wimbo ule haukuwa pambo la sikukuu. Ulikuwa nguvu ya watu walio hatarini, nao waliuimba kwa vinywa vyao wenyewe.

Kanisa halikuisahau asili hiyo. Papa Pio wa Kumi, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903, alitaka muziki wa ibada uwe mtakatifu, uwe sanaa ya kweli, tena uwafae watu wa mataifa yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba muziki huwa mtakatifu zaidi kadiri unavyoungana na tendo lenyewe la ibada. Uliuachia wimbo wa Gregori nafasi yake ya kwanza, ukaagiza pia kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Na mwaka 1967 Roma ilieleza wazi kwamba haifai kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, hata watu wasipate sehemu yoyote ya kuimba.

Katika nchi zetu maagizo hayo yalikuta kazi imekwisha kuanza. Misa Luba iliimbwa Kamina, nchini Kongo, tangu mwaka 1958, chini ya Padri Guido Haazen. Mwaka 1963 Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo ngoma na kayamba husikika karibu na altare, na hakuna anayeshangaa. Hiyo ni neema, nasi yatupasa kumshukuru Mungu na kuwaombea waliotutangulia.

Lakini neema nayo ina deni lake. Zamani watu wengi walinyamaza kanisani kwa sababu hawakukijua Kilatini. Siku hizi lugha ni yetu na mapigo ni yetu, lakini mahali pengine watu wangali kimya, kwa sababu kila Jumapili huja na wimbo mpya, mgumu, wenye sauti nne, ambao kwaya peke yake imeujifunza. Hata «Bwana, utuhurumie», ambayo ni sala ya kila mkosefu, huimbwa na wachache huku wakosefu wengine wakisikiliza. Kimya cha leo na cha jana vina sababu mbalimbali, lakini hasara ni ileile.

Mwanakwaya aweza kuuliza kwa haki: je, jasho letu si kitu? Tunaacha kazi zetu jioni, twajilipia nauli, twafundishana mpaka usiku, tena bila mshahara. Jasho hilo ni sadaka ya kweli, na parokia isiyolishukuru yakosa adabu. Tena kusikiliza kwa moyo ni kushiriki, na upo wakati katika Misa ambapo kwaya yafaa iimbe peke yake, watu wakitafakari. Hatusemi basi kwamba kwaya ipunguze ustadi. Twasema ustadi wake mkuu uwe kuwaimbisha wengine. Mwalimu wa kwaya atakayeufundisha umati mzima kiitikizano kimoja amefanya kazi kubwa kuliko aliyetoa kanda kumi za kusifiwa.

Kipo kipimo kimoja ambacho kila jamaa yaweza kukitumia. Wimbo ambao waamini wanaujua kwa moyo huondoka nao kanisani. Mama huuimba akipepeta mchele, na watoto huushika kabla hawajajua kusoma. Jumuiya huuimba kwenye matanga, maneno ya kufariji yanapokwisha. Na siku ya mwisho, mgonjwa asiyeweza tena kushika kitabu wala kufuata sala ndefu, huonekana akiitikia kwa midomo wimbo alioufundishwa utotoni. Wimbo uliojulikana na kwaya tu hauwezi kumfikia pale kitandani.

Watu hupenda kusema kwamba Agostino alifundisha kuwa aimbaye vema husali mara mbili. Neno hilo halipatikani hivyo katika maandiko yake. Alilolisema katika maelezo yake juu ya Zaburi ni kubwa zaidi, yaani kwamba aimbaye sifa hasifu tu, bali anampenda yule anayemwimbia. Upendo hauwezi kufanywa na mtu kwa niaba ya mwenzake. Kwa hiyo, wazazi Wakristo, wafundisheni watoto wenu nyimbo za Kanisa nyumbani, nanyi mnaoongoza kwaya waachieni watu sehemu yao ya kuimba, kwa maana wataihitaji siku ambayo kwaya haitakuwapo.