Wimbo Hutangulia Akili



Jioni moja bombani tuliwasikia watoto wetu wakiimba wimbo wa nyumbani unaotukana kabila jingine. Sauti ilikuwa tamu, nasi wakubwa tukatabasamu. Je, tulifanya vema?

Wimbo huingia moyoni kabla akili haijapima maneno yake. Mwaka 1993 na 1994 nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwavuta vijana kwa muziki, kisha ikawapandia chuki iliyochochea mauaji ya kimbari.

Lakini mlango huohuo huingiza faraja. Paulo na Sila waliimba usiku gerezani Filipi, miguu yao ikiwa imefungwa, na wafungwa wenzao wakawasikia (Matendo 16). Hata kwetu, msibani wimbo mmoja hutuunganisha tusiojuana lugha.

Hatusemi tuache nyimbo za kwetu; zinatunza lugha na majina ya vijiji tulivyoviacha. Tunasema utamu usitufumbe macho. Mtoto akiimba tusi, tumketishe, tumweleze, tumfundishe wimbo mwingine. Jirani anayetukanwa anachota maji kwenye bomba lilelile.

Mungu atubariki sote.