Kabla ya Kuwapiga Picha Wagonjwa wa Macho

Katika Marko 10 twasoma habari za Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Upofu wake ulikuwa dhahiri kwa watu wote, lakini Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Twalikumbuka jambo hili kwa ajili yao wanaojitayarisha kupiga sinema ya safari za matabibu waendao vijijini, na zaidi kwa ajili yako, mwalimu wa usharika, maana wewe ndiwe utakayeitwa kuwa mkalimani.

Tutwae mfano wa Kongwa. Nchi ni kavu, ng'ombe ni wengi, na nzi pia. Ugonjwa wa vikope, ndio trakoma, umewatesa watu huko siku nyingi. Mtoto huambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani, na utu uzimani nywele zake hugeuka zikakwaruza jicho hata nuru ikazimika. Mpiga picha atapenda siku ya kupasuliwa, kitambaa kikifunguliwa machoni pa bibi mzee. Lakini upasuaji ule huondoa maumivu na kuzuia madhara zaidi. Haurudishi nuru iliyokwisha potea. Sinema ikionyesha kwamba kipofu ameona, imesema uongo.

Tena kazi kubwa haikuwa ya siku moja. Watafiti walianza huko miaka ya 1980, na 1995 wakatangaza habari za vijiji 6 vya Kongwa. Vyote vilipewa dawa ya macho, na katika 3 watu walihimizwa sana kuwaosha watoto nyuso. Watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na ugonjwa mkali. Basi tungependa aonekane mama aliyebeba maji kichwani kutoka mbali, akatoa kiasi cha uso wa mtoto, kabla halijaonekana gari la wageni.

Kule Bethsaida Bwana alimshika kipofu mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na macho ya watu. Lakini katika Luka 8 yule aliyeponywa alitumwa kwenda kusimulia, naye akasimulia kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwalimu, usimwulize mgonjwa akiwa amekwisha lala mezani. Mwulize siku iliyotangulia, nyumbani kwake, kwa Kigogo au Kikaguru. Mweleze picha itapelekwa wapi, na ya kuwa akikataa atatibiwa vilevile. Akinyamaza, usiseme amekubali. Wajua jinsi mwenyeji aonavyo haya kumkatalia mgeni. Na sinema ikiisha kutengenezwa, waombe wageni wailete kwanza kijijini, waitazame wale waliopigwa picha.