Je, ni Halali Kuichekea Shida?



Mwezi uliopita vijana wetu walicheza igizo kuhusu foleni ya mgao. Mmoja alijifanya mama Mbajuni wa Kismayu, akaiga lafudhi yake. Sote tulicheka. Jirani yetu mmoja wa kutoka huko, ambaye tulimwalika wenyewe, aliinuka akaondoka kimya. Tangu siku ile tunajiuliza: je, ni halali kufanyia mzaha shida za watu?

Wazee husema, mzaha mzaha hutumbua usaha. Ni onyo hilo. Lakini jipu lisilotumbuliwa nalo haliponi. Basi tuulize tunamcheka nani.

Tumepata mfano katika kitabu cha katuni kiitwacho When Stars Are Scattered, kilichotoka Marekani mwaka 2020. Ni maisha ya Omar Mohamed, aliyetolewa na vita katika bonde la Mto Juba, kaskazini ya Kismayu, akiwa mtoto mdogo. Yeye na mdogo wake Hassan waliishi kambi za Dadaab, Kenya, miaka mingi. Victoria Jamieson alichora, wakaandika pamoja. Hassan ana kifafa, na neno analotamka ni moja tu, "Hooyo", yaani mama kwa Kisomali.

Ingekuwa rahisi kumgeuza Hassan kichekesho. Kitabu hakikufanya hivyo. Watoto wanataniana, wanacheza, na msomaji anacheka pamoja nao. Kisha ukurasa unafunguka, anaiona njaa, anaona kungoja kusikokwisha, na msichana anayeachishwa shule aolewe. Amekwisha kuwazoea kama jamaa zake, kwa hiyo inamuuma.

Wapo wasemao huzuni inataka uso wa huzuni. Tunawaelewa, aliyefiwa asilazimishwe kucheka. Lakini mara ngapi tumesinzia katika hotuba juu ya ndoa za mapema? Mchoro mmoja wenye ucheshi hukumbukwa hadi nyumbani.

Tulikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alitukaribisha chai, akasema: "Wanangu, foleni nimepanga miaka mingi. Vichekesho vyake navijua kuliko nyinyi. Mungeniuliza."

Sasa igizo linaandikwa upya, naye anatusaidia. Safari hii linalochekwa ni kopo la kupimia mgao, ambalo kila mwezi laonekana kupungua kina. Lafudhi ya mtu tumeiacha.