Sadaka haifuti haki ya mtoto

Ramadhani iliyopita tulitoka watu kama kumi na wawili wa msikiti wetu hapa Mbezi Beach, tukapeleka futari katika kituo kimoja kinacholea watoto wenye ulemavu. Tulibeba mchele, sukari, tende na sabuni. Dua ikasomwa, picha zikapigwa. Tulipokuwa tunaaga, mtoto mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu alinishika kanzu akauliza: "Ustadhi, mama yangu anakuja lini?"

Sikuwa na jibu. Nikampa tende nyingine. Wallahi, mpaka leo naona haya.

Nilipomuuliza mlezi, aliniambia kuwa mama yule yu hai, yuko mkoani. Alimleta mwanawe kwa sababu shule ya kijijini haikumpokea, na hakuwa na wa kumsaidia kumbeba. Kumbe sisi tulidhani tumekwenda kwa yatima!

Ndugu msomaji, tujiulize: mtoto akipata ubwabwa, kitanda na paa, je, haki yake imekwisha?

Taifa letu limewahi kukutana na swali hili katika hali nzito zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia 2007, watoto wengi walikusanywa katika shule na vituo kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi. Nia ilikuwa njema, kuokoa roho zao, na ilielezwa kuwa ni hifadhi ya muda. Lakini muda ule ukawa miaka. Kufikia 2015 Buhangija pekee ilikuwa na watoto zaidi ya 200, wamesongamana, na baadhi yao wazazi hawakuonekana tena. Mwaka huo Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilikuja kuwaona, na katika ripoti yake ya 2016 ikahimiza warudishwe kwenye familia na jamii zao kwa usalama.

Wapo watakaosema: "Akirudi nyumbani si atauawa, au atafichwa chumbani?" Hoja hiyo ina uzito, na mimi sisemi mageti yafunguliwe kesho. Lakini wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Hatari ikipungua, ruhusa nayo hupungua. Haiwezekani mwenye panga atembee huru na mtoto asiye na kosa ndiye azungushiwe ukuta mpaka awe mtu mzima, kisha tuite hiyo huruma.

Sheria nayo iko wazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria yake. Mkataba ule unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wao. Wazazi wa karibu wakishindwa, watafutwe ndugu, na hao wakikosekana, apate malezi ya kifamilia ndani ya jamii.

Sisi Waislamu hatukupaswa kusubiri mkataba. Sote tunajua sababu ya kushuka Suratul Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, hakuja kuomba chakula. Alikuja kutaka elimu, na alistahiki kusikilizwa. Baadaye akawa muadhini Madina. Hakutengwa pembeni akapelekewa futari mara moja kwa mwaka.

Sasa tuangalie kwetu. Msikiti wetu una ngazi saba mlangoni, na madrasa iko ghorofani. Yule mtoto angerudi kwa mama yake hapa mtaani, angeingilia wapi?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tusiache kupeleka mchele, maana watoto wanakula leo. Lakini tukifika tuulize: wazazi wao wako wapi? Wameonana lini? Kinakosekana nini ili mtoto arudi? Pengine ni nauli ya mama, pengine kiti cha magurudumu, pengine mwalimu mkuu wa kijijini kukumbushwa wajibu wake. Sehemu ya sadaka zetu iende huko, na sehemu ijenge njia ya mteremko msikitini.

Ramadhani nyingine inakuja, na yule mtoto bado ananidai jibu. Allah atuwafikishe.