Mei Mosi Nyumbani Mwetu

Tarehe 1 Mei Wakristo wa Tarime na Serengeti, kama wenzao nchini kote, wana sikukuu mbili kwa siku moja. Ya Serikali chanzo chake ni wafanyakazi wa Marekani, waliogoma mwaka 1886, hasa mjini Chicago, wakidai siku ya kazi isizidi saa nane. Ya Kanisa iliwekwa na Baba Mtakatifu Pio XII mwaka 1955, akampa mfanyakazi msimamizi wake: Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti.

Katika sherehe hizo tumezoea kuwaona walimu, wauguzi, watumishi wa hifadhi na wa mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, wamevaa fulana za vyama vyao. Wanastahili heshima hiyo.

Lakini asubuhi ileile, nani amekamua ng'ombe? Nani amechota maji na kuzifua hizo fulana? Mara nyingi ni binti aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali, au kijana mchunga ng'ombe aliyeajiriwa kwa maneno tu, kwamba mwaka ukiisha atapewa ndama. Mwaka huisha, ndama haonekani; au ghafula kijana huhesabiwa mbuzi waliopotea tangu masika, na deni likammeza ndama wake.

Twasema bila kuficha: huo ni wizi, hata kama picha ya Familia Takatifu imetundikwa ukutani. Torati iliagiza kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumdhulumu mtu ujira wake ni dhambi kubwa inayolilia mbinguni. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 kila juma, wala haisemi kwamba mtumishi wa nyumbani si mwajiriwa.

Wengine hujitetea: "Mbona anakula kwetu, analala kwetu?" Hata ng'ombe wa plau hulishwa, akalazwa zizini.

Basi, wazazi wapenzi, kama ujira wa Aprili haujatoka, na utolewe kabla ya kwenda Misani, mkononi mwake mwenyewe. Kisha mwiteni twende naye. Vyombo vitaoshwa na watoto wa nyumba.