Jirani wa Ghorofa ya Tisa

Kila siku alfajiri watu wa Mtoni hupanda magari kwenda kufanya kazi Masaki na Oyster Bay. Huenda kulinda mageti, kupika, kufua na kulea watoto wa wenzao. Wakirudi jioni hutusimulia: kule ghorofani maji hayakatiki, umeme ukizimika jenereta huwaka, na mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue jina la anayekaa mlango wa pili. Wengine husimulia kwa kutamani, wengine kwa kucheka. Swali langu ni hili: je, ni halali mtu kununua kutosumbuliwa na wenzake?

Kutaka maji bombani si dhambi, wala kutaka usingizi. Aliyepanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, choo kimoja na LUKU moja, anaujua ugomvi wa kuchangia umeme: huyu ana friji, yule ana taa tu, na mwenye pasi haonekani siku ya kutoa pesa. Mtu huyo akipata uwezo akahama, tusimhukumu. Tukimwita mwenye majivuno, mara nyingi ni kijicho chetu kinachosema. Lakini kule Masaki haviuzwi maji na umeme peke yake. Huuzwa pia ukuta, na mlinzi wa kuuliza, "Unamtaka nani?"

Ukuta huo ni wa zamani. Wakati wa Waingereza mji huu uligawanywa, watu wakaziita sehemu zake Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanuni zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kila mahali. Hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Asiyeweza kujenga nyumba ya namna ya Ulaya hakukaa Oyster Bay, basi. Na tunajua ni nani hakuweza. Baada ya Uhuru, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi walioumia walikuwa ndugu zetu wenye asili ya Kiasia, baadhi yao wakiwa wameweka akiba yote katika jengo moja, kwa hiyo sithubutu kusema kwamba dawa ile ilikuwa tamu kwa wote. Masharti ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Leo hakuna anayekatazwa kukaa Masaki. Kodi ndiyo inayochagua, na kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola, hata kanuni za Machi 2025 zikakataza. Mtu wa Mtoni hakusogea hata hatua moja kwa dola kugeuzwa shilingi.

Kuna jambo linalonichekesha kidogo. Sheria ya 2008 inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani fleti yake. Lakini ngazi, paa, lifti na kiwanja ni vya wote, nao hupaswa kuwa na umoja wao na kuchangia matengenezo. Basi aliyelipa mamilioni kuwakimbia majirani hujikuta kikaoni akibishana ni nani hajatoa mchango wa lifti. Ni LUKU ileile, imepanda ghorofa ya tisa.

Katika kikao hicho hayumo dada anayefagia ngazi. Yeye anajua nani anaumwa, nani wamegombana, na mtoto gani hulia usiku. Lakini akifiwa huku Mtoni, wa kule hawajui hata anakaa mtaa gani. Naona mtu ana haki ya kufunga mlango wake. Ninachokitilia shaka ni kumwita mgeni mtu aliye na ufunguo wa nyumba yako.

Mtaniambia kwamba mshahara wake umelipwa. Umelipwa wa kufagia, kama kweli umelipwa kwa wakati. Zile saa za barabarani kwenda na kurudi, na mtoto wake mwenyewe aliyeachwa kwa bibi tangu giza hadi giza, sijui vimeandikwa katika daftari la nani. Vijana wetu waliokwisha kuhamia huko, nao wapo, wanaweza kumwuliza wakikutana naye kwenye lifti. Njia ya Mtoni wanaijua.